Waya wa Tatu Usikatwe

Bi Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme machache juu ya pampu ya maji iliyo nyuma ya jiko. Wengi wamekwisha kuisema kwa mzaha, na wengine kwa hofu, wala sijasikia bado aliyekaa akaifikiri. Mimi si fundi. Lakini nimeifungua pampu hiyo mara mbili kwa mikono yangu, mwalimu akiwa amesimama kando yangu, na niliyoyaona humo hayaniruhusu kunyamaza.

Wageni wa Kidato cha Kwanza na wajue habari ilivyo. Shule yetu iko nyanda za kati, ambako mvua ikisha katika Aprili huwa hatuioni tena hata karibu na Desemba. Maji ya bomba huja usiku, tena kwa shida, yakaingia katika tangi la chini lililojengwa kwa saruji. Toka hapo hapana budi yapandishwe katika tangi jeusi la lita 5,000 lililo juu ya mnara, ndipo yashuke jikoni, mabwenini na vyooni. Kazi ya kuyapandisha ni ya pampu isiyozidi ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Kibati chake chasema volti 220, wati 370, yaani nusu hosipawa, na ikiachwa ifanye kazi usiku kucha bila kugombana na mtu hujaza tangi lile kwa saa tatu hivi. Ikikosekana, lita 5,000 ni ndoo 250 za lita 20, na chini ya kila ndoo pana kichwa cha msichana.

Basi mwaka jana, mwezi wa Septemba, mwenzetu mmoja aliyekuwa zamu ya maji alikwenda kuwasha pampu saa kumi na moja alfajiri. Pampu ikanguruma bila kuvuta, kama ifanyavyo hewa ikiingia katika bomba lake. Naye akafanya kama tulivyozoea kufanya sote: akafungua kizibo cha juu ili aimiminie maji ya kuianzishia, wala hakuizima kwanza. Alivaa kandambili, na chini palikuwa tope. Mkono wake uliolowa ulipogusa kile chuma haukuachia tena. Sisi tuliokuwa nyuma yake na ndoo tulidhani anatania. Aliyemwokoa ni mpishi wetu mmoja, mama wa makamo, ambaye hakukimbilia kumshika bali alikimbilia swichi ya ukutani. Kama angalimshika, pengine tungalizika wawili.

Mwenzetu alipona. Alilala zahanati siku mbili, akarudi na kidonda kidogo kiganjani. Mimi nilikuwa wa tatu katika mstari ule wa ndoo. Tena nikiri jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule: siku moja kabla yake nilishika kizibo kile kile, nikasikia mkono ukinichoma kama uliovamiwa na siafu, nikadhani ni baridi ya alfajiri, nikanyamaza.

Amri ikatoka kwamba mwanafunzi yeyote asiisogelee pampu. Pampu ikafungiwa stoo wiki sita, nasi tukarudia ndoo. Kisha akaja fundi, akabadili waya, akaenda zake. Waya wa kwanza ulikuwa wa nyuzi mbili, umechakaa. Aliouweka yeye ulikuwa wa nyuzi mbili vile vile, ila unang'aa.

Hoja yangu ni hii. Pampu ile haina haki ya kuwashwa ila kwa waya wa nyuzi tatu, na ule wa tatu uwe umefika ardhini kweli kweli. Tena sisi wenyewe tufundishwe kuufunga na kuukagua kwa mikono yetu, maana sisi ndio tunaoiwasha.

Najua mtu ataniuliza, wa tatu wa nini? Nyuzi mbili zatosha kuizungusha pampu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Waya wa kahawia huleta umeme, wa bluu huurudisha, mota huzunguka, maji hupanda, kila mtu hufurahi. Waya wa tatu, wenye rangi ya kijani na mstari wa njano, ambao mafundi huuita ethi, hauleti kitu wala haurudishi kitu. Mwaka mzima umelala tu. Kwa sababu hiyo mwenye duka huuona hasara, fundi mwenye haraka huuona usumbufu, nao hukatwa mapema kabla haujapata siku yake ya kufanya kazi.

Na siku yake ni moja. Ndani ya mota mna nyaya nyembamba za shaba zilizozungushwa mara nyingi sana, nazo zimepakwa rangi ngumu ili umeme usitoke nje. Joto, unyevu na miaka huipasua rangi hiyo. Ikipasuka mahali, shaba hugusa chuma cha pampu, na kuanzia hapo chuma chote cha nje huwa na volti 230, huku pampu ikiendelea kuzunguka vizuri kana kwamba haina neno. Kwa macho hakuna kinachoonekana. Kama waya wa tatu haupo, umeme ule hungoja pale juu ya chuma hata aje mtu mwenye miguu iliyolowa, naye ndiye anayekuwa waya wa tatu.

Wenzangu hubisha, "Mbona plagi ina fyuzi? Umeme ukinipiga si fyuzi itakatika?" Nami nilikuwa katika kundi la wenye imani hiyo mpaka tulipofanya hesabu ubaoni. Mwili wa mtu aliyelowa huweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Gawanya volti 230 kwa 1,000, upate ampea 0.23. Fyuzi za plagi zetu ni za ampea 13, au 5, au kwa uchache 3. Hata hiyo ya 3 haitajua kwamba kuna mtu anayekufa, maana pampu peke yake huvuta mkondo mara kumi na zaidi ya ule. Lakini moyo wa mwanadamu huweza kuvurugika kwa ampea 0.1. Fyuzi huulinda waya usiungue na kuteketeza nyumba, nayo kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Ulinzi wa mtu hautoki kwake.

Darasa zima lilinyamaza siku ile. Mwalimu wetu wa Fizikia alisimama na chaki mkononi, asifute.

Mwaka huu, mwezi wa Agosti, mwalimu huyo aliomba ruhusa kwa Mkuu wa Shule tuubadili waya kama sehemu ya somo. Ruhusa ikaja, nami namshukuru Mkuu wetu kwa hilo, ijapokuwa yako mengine nitakayoyasema mbele. Mimi na mwenzangu mmoja tukatumwa mjini pamoja na matroni kununua waya.

Tukamwamkia mwenye duka, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti zangu. Niwape nini?"

Tukamwambia twataka mita 22 za waya wa nyuzi tatu, unene wa milimita za mraba 1.5, wenye ganda la mpira. Mzee akacheka.

"Wa pampu ndogo? Chukueni huu wa nyuzi mbili, wanangu. Wote huchukua huu. Huo wa tatu mtaulipia bure, fundi atakuja kuukata."

Sikumkasirikia, maana alisema kweli: fundi huja kuukata.

Na kwa nini unene ule? Hapa nawaomba radhi wasiopenda hesabu, lakini ni fupi. Toka soketi ya jikoni hata pampu ni mita 20, kwenda na kurudi 40. Waya wa zamani ulikuwa mwembamba, wa milimita za mraba 0.5, kama ule wa taa ya mezani. Shaba ya urefu huo na wembamba huo ina ukinzani wa omu 1.4 hivi. Pampu ikizunguka huvuta kama ampea 3, na hasara yake njiani ni ndogo. Lakini inapoanza, mota huvuta mara tano au zaidi, tuseme ampea 15. Basi volti 20 nzima hupotea katika waya kabla ya kufika. Saa za jioni, wakati umeme wenyewe umeshuka hata 190, mota hupata 170, nayo hunguruma, haizunguki, hupata moto, na rangi ile ya ndani huanza kupasuka. Ukitumia waya wa 1.5 hasara hiyo hushuka hata volti 7. Maana yake waya mwembamba ulikuwa ukiichosha mota na kututayarishia ule mkasa pole pole, alfajiri baada ya alfajiri.

Kazi ya kufunga tuliifanya Jumamosi. Kwanza plagi ilitolewa kabisa katika soketi na kuwekwa mezani mbele ya macho yetu, kwa sababu swichi iliyozimwa yaweza kuwashwa na mtu asiyejua. Kisha tukafungua kisanduku kilicho juu ya mota. Ndani mna kapasita, kopo jeusi dogo ambalo huweza kubaki na umeme hata baada ya kuzima, kwa hiyo mwalimu alilishughulikia yeye kwanza, nasi tukangoja. Hapo nikaona jambo lililonitia uchungu. Katika kona ya kisanduku palikuwa na skrubu yenye alama ya ethi, yaani mstari wa wima na mistari mitatu ya ulalo chini yake, kila mmoja mfupi kuliko wa juu yake. Skrubu hiyo ilikuwa bado na rangi ya kiwandani. Tangu pampu izaliwe hakuna bisibisi lililowahi kuigusa. Waliotengeneza walikuwa wameacha mlango, na kila fundi aliyekuja alipita mbele yake.

Tulikwangua rangi ile mpaka chuma kikaonekana, tukafunga waya wa kijani na njano, kisha wa kahawia na wa bluu mahali pake. Tukakaza nati ya kubana waya mlangoni, ili mtu akijikwaa na kuuvuta, mvuto uishie katika ganda la nje na usifike kwenye skrubu. Nje ya kisanduku tuliuacha waya uning'inie kidogo kabla ya kupanda, ili maji yakitiririka juu yake yadondoke chini badala ya kuingia ndani. Hilo lilikuwa wazo la mwenzangu, aliyeliona katika bomba la mvua la nyumba ya bibi yake, na mwalimu akasema ndivyo mafundi wazuri wafanyavyo.

Upande wa plagi ni kazi ndogo, nanyi wote mwaijua katika karatasi. Ukiifungua na kuitazama kwa ndani, ethi iko juu, bluu kushoto, kahawia kulia penye fyuzi. Lakini yako mawili ambayo karatasi haikunifundisha. La kwanza ni kwamba ganda la nje lazima liingie mpaka chini ya kibanio. Ukibana nyuzi zenyewe, siku moja zitang'oka. La pili ni kwamba uzi wa ethi uachwe mrefu kuliko wenzake ndani ya plagi. Waya ukivutwa kwa nguvu, wa kahawia hung'oka kwanza na wa ethi mwisho.

Nitoke nje ya njia kidogo. Plagi hii ya pini tatu tunayoidharau ilifikiriwa Uingereza wakati wa vita, katika kamati iliyoanza mwaka 1942 na kutoa taarifa yake mwaka 1944, na kanuni yake ikatolewa mwaka 1947. Katika kamati ile ya watu ishirini mwanamke alikuwa mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett, naye alihimiza sana usalama wa watoto wa nyumbani. Kwa ajili hiyo matundu ya soketi yana vijilango, na pini ya ethi ni ndefu kuliko nyingine: huingia kwanza, hufungua vijilango, na hutoka mwisho. Sasa tazameni tunavyofanya sisi mabwenini. Mtu ana waya usio na plagi, basi huchukua kijiti au kalamu, hukisukuma katika tundu la ethi mpaka vijilango vifunguke, kisha huchomeka nyuzi tupu na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Nimeliona jambo hili katika bweni letu, wala sitataja ni kitanda cha nani. Mwenyewe anajua, na atasoma gazeti hili.

Turudi kwenye pampu. Tulipomaliza kuifunga tulijiona mabingwa. Mwalimu akasema tusiiwashe bado. Akaenda maabara, akaleta kile kipimo cha zamani cha sindano, akapima katika soketi ya jikoni. Kati ya laivu na nyutro sindano ilipanda hata 224. Kati ya laivu na ethi ilipaswa kupanda vile vile. Haikupanda. Ilitikisika kidogo ikalala.

Tukaufuata waya wa ethi toka kisanduku cha mita ya umeme, ukashuka ukutani nje ya jiko, ukaingia katika kitalu cha maua. Pale ulikuwa umekatika. Ncha yake ya shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani, na fimbo yake ilikuwa ardhini peke yake, haikushikana na kitu.

Nami nikakumbuka. Nilipokuwa Kidato cha Pili, zamu yetu ya usafi ilikuwa kitalu kile kile. Jembe langu lilinasa waya. Nikauvuta, haukutoka, nikaupiga tena mpaka ukakatika, nikatupa kipande kwenye uzio nikidhani ni waya wa kuanikia nguo uliosahauliwa. Kiranja wangu alinisifu kwa kusafisha vizuri.

Basi mwaka ule aliponaswa mwenzetu, hata kama fundi yule angalifunga nyuzi tatu kwa ustadi wote, waya wa tatu ungaliishia kwenye jembe langu. Na jambo hilo ni baya kuliko nilivyodhani, maana ethi za soketi zote za jengo lile zimeunganishwa pamoja. Fimbo ikikatika, umeme unaovuja katika pampu hupita njia hiyo hiyo na kuvitembelea vyuma vya jirani, friji ya jikoni na pasi ya matroni. Mtu angeweza kupigwa na pasi asijue kwamba mgonjwa ni pampu. Tangu siku ile sikumlaumu tena fundi kwa moyo mweupe.

Kazi ya ukutani na ardhini hatukuigusa sisi. Aliitwa fundi mwenye leseni ya EWURA, akapigilia fimbo mpya, akaunganisha, akaipima. Alipata omu 60, akatikisa kichwa, akasema ardhi kavu haipendi umeme. Na hapa wenzangu wa Kidato cha Nne wanisikilize, kwa maana hili halimo katika daftari zetu. Daftari lasema chuma kikivuja, ethi huchukua mkondo mkubwa na fyuzi hukatika mara moja. Ni kweli kama njia ya kurudi ni ya shaba tupu. Lakini kama njia hiyo yapita udongoni, gawanya 230 kwa 60. Huifikii hata ampea 4. Fyuzi ya 13 haitikisiki, wala ya 5 haikatiki, na chuma cha pampu chaweza kubaki na umeme wa kudhuru.

Dawa yake ipo. Ni kile kifaa kiwekwacho katika kisanduku cha swichi kuu, kinacholinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, kikiona upungufu wa ampea 0.03 tu, yaani miliampea 30, kinakata umeme kabla mtu hajamaliza kupiga kelele. Kwa ampea hizo 4 za ardhi yetu kavu kitaruka mara pampu inapoanza kuvuja, pengine usiku ambapo hakuna mtu karibu. Jengo letu la jiko halina kifaa hicho. Fundi yule aliandika katika karatasi kwamba kiwekwe, na mpaka naandika haya bado hakijawekwa. Hilo ndilo mojawapo nililosema nitalitaja. Najua fedha za shule zina kazi nyingi. Nasema tu kwamba muhula huu tumepaka rangi mawe ya njia ya kuingilia mgeni.

Sasa niwajibu wanaonipinga, maana wako, na wengine nawaheshimu.

Wako wasemao mchezea wembe humkata, na wasichana wasipewe bisibisi. Nawauliza, mwenzetu aliyenaswa alikuwa akichezea nini? Alikuwa zamu. Alitumwa. Na ile amri ya kutoisogelea pampu haijafutwa hata leo, lakini kila alfajiri pampu huwashwa na mwanafunzi, kwa kuwa fundi yuko mjini, matroni amelala, na wasichana wanataka kuoga. Kila mtu ajua hivyo. Amri ya namna hiyo kazi yake ni kumpata wa kulaumiwa mambo yakiharibika.

Wako pia wasemao mtihani wa Novemba hautauliza habari za pampu. Mimi mwenyewe katika jaribio la Kidato cha Tatu nilichora plagi, nikaipaka rangi tatu, nikapata alama zote. Wakati ule sikuwa nimewahi kushika plagi iliyofunguliwa, na jaribio lile lilikuja wiki mbili tu baada ya kusikia siafu wale mkononi. Majibu yote niliyaandika kwa Kiingereza safi, wala halikunijia hata mara moja wazo kwamba naandika habari ya kizibo kile.

Na mwenzangu mmoja aliniambia kwa upole, "Dada, tukijifunza kazi za mafundi, wao watakula wapi?" Sisemi tuvute nyaya ukutani. Hiyo ni kazi ya mwenye leseni, na anayeipenda aende VETA akaisomee. Nasema kila anayewasha pampu aweze kuifungua plagi yake mezani, azione nyuzi tatu kwa macho yake, azikaze, na akiona ya tatu imekatwa akatae kuiwasha, hata kama bweni zima lamngojea na ndoo. Kukataa kunataka ujuzi. Asiyejua atatii tu.

Ninaloliomba kwa wakubwa ni hilo la kifaa cha swichi kuu, na Jumamosi moja katika kila muhula, saa mbili tu, Kidato cha Tatu na cha Nne waifungue plagi ya pampu pamoja na mwalimu, na sindano ile ya maabara ipelekwe jikoni kupima ethi. Kwa wenzangu naomba kuna jambo dogo zaidi: mtu asiichomoe pampu kwa kuvuta waya, asiimiminie maji kabla ya kuchomoa plagi, na akisikia siafu mkononi, hata kidogo, aseme siku ile ile. Akichekwa, na achekwe.

Mimi nitaondoka mtihani ukisha. Bisibisi mbili tulizotumia nimezikabidhi kwa kiranja wa mazingira, ziko katika kopo la maziwa juu ya kabati la chumba cha viranja. Na fimbo ya ethi, kwa faida ya watakaopewa zamu ya kitalu cha maua, iko hatua tatu toka kona ya jiko, upande wa mnara. Tumeizungushia mawe manne, nayo tumeyapaka chokaa. Hapo majani yang'olewe kwa mkono, na maji ya kuoshea sufuria yamwagwe hapo hapo, kwa kuwa fundi alisema fimbo hupenda unyevu.

Mwanafunzi,
Kidato cha Nne